MALI ILIYOPOTEA NA MGONGO WA MTUHUMIWA

Suala ambalo halishi kuulizwa katika darsa zetu ni hili: mtu amepotelewa na dhahabu au fedha nyumbani kwake, na nyumbani hamna mgeni ila mtumishi, aghlabu msichana aliyetoka Kitui au Makueni kuja kutafuta riziki Mombasa, Malindi au Lamu. Je, yafaa kumtia mikononi mwa askari ili abanwe hata aseme? Na bwana wa nyumba akisha kumfikisha kituoni akatamka yale maneno yanayojulikana, kwamba huyu aulizwe vizuri, ana dhima gani mbele ya Mola wake kwa yatakayomfika huyo binti usiku ule?

Wengi waulizao hutaka jawabu la neno moja warudi nyumbani. Lakini suala hili halina neno moja, kwani ndani yake mna suala jingine kubwa zaidi: aliyeshikwa kwa tuhuma, na bado hakuthubutikiwa na jambo, ana haki gani? Na haki hiyo yatoka wapi, ilhali huenda kweli yeye ndiye mwizi?

Tuanze na kisa alichokipokea Abu Daud katika Sunan yake. Watu wa kabila la Kala waliibiwa mali, wakawatuhumu wafumaji nguo fulani, wakawapeleka kwa sahaba Nuuman bin Bashir, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, naye siku hizo alikuwa liwali. Akawafunga siku kadha, kisha akawaacha. Wenye mali wakamjia kwa hamaki wakilalamika kuwa amewaachilia bila ya kuwapiga wala kuwajaribu. Nuuman akawapa hiari: mkitaka nitawapiga, mali yenu ikitoka kwao ni heri yenu, na isipotoka nitachukua katika migongo yenu mfano wa nilichochukua katika migongo yao. Wakamwuliza, je, hii ndiyo hukumu yako? Akawajibu kuwa ndiyo hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Abu Daud mwenyewe ameeleza kuwa Nuuman aliwatisha kwa maneno yale, na muradi wake ni kuwa mtu hapigwi ila baada ya kukiri.

Tazama namna liwali huyu alivyofanya. Kwanza aliwafunga, wala hatukanushi hilo. Imepokewa pia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimzuia mtu kwa tuhuma kisha akamwacha. Basi kumzuia mtuhumiwa ili jambo lichunguzwe kuna asili katika dini, na asemaye kuwa askari hana haki ya kumshika mtu hajasema kweli. Lakini kuzuiwa kule kulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulipofika bila ya ushahidi watu walirudi kwao. Pili, hakubishana na wenye mali kuhusu hasira zao, wala hakuwaambia kuwa mali yao si kitu. Aliwaonyesha bei tu. Mtu akitaka mgongo wa mwenziwe upigwe kwa dhana yake, na aweke rahani mgongo wake mwenyewe. Hawakutaja tena kupigwa, na kutoka hapo twajua ni kiasi gani walikuwa na yakini na tuhuma yao.

Sisi twapenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hii ni nzuri kwa mazungumzo ya barazani. Ikiingia kituo cha polisi huwa ni shahidi asiyeapishwa wala kuulizwa maswali, na binti wa watu hulala sakafuni kwa ushahidi wake.

Wala si uaminifu wa elimu kuficha kuwa maulamaa wamekhitalifiana katika mlango huu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, amempa amiri na wasaidizi wake mambo ambayo hakumpa kadhi: tuhuma ikipata nguvu, amiri aweza kumzuia mtuhumiwa na hata kumpiga kwa mipaka aliyoitaja. Ibnu Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim walipambanua baina ya mtu mwema, mtu asiyejulikana hali yake, na mtu aliyekwisha julikana kwa uovu. Huyu wa tatu wakaruhusu abanwe. Na Imamu Malik amenasibishwa na kauli ya kufaa kumpiga mtuhumiwa wa wizi kwa ajili ya maslaha, ingawa yeye huyo huyo amepokewa akisema kuwa ikirari iliyotolewa kwa kutishwa haina nguvu. Askari wa leo angekuwa msomi angetwambia: haya, maimamu wenu wameniruhusu.

Jawabu tunaloliona kuwa na nguvu ni la Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505, naye ni wa madhehebu yetu. Katika al-Mustasfa ameileta kauli hiyo ya maslaha, akasema kuwa sisi hatuishiki, kwa sababu maslaha hayo yanapingwa na maslaha mengine, nayo ni ya huyo apigwaye. Huenda hana kosa. Na kuacha kumpiga mwenye kosa ni jambo jepesi kuliko kumpiga asiye na kosa. Mizani hii ni ya ajabu. Mwenye kutetea kupiga huweka upande mmoja mali yake, amani ya mji na hofu ya watu. Upande wa pili haweki kitu, kwa kuwa machoni mwake mtuhumiwa amekwisha kuwa mwizi. Ghazali amemrudisha yule mtu katika mizani, naye akisha kuwekwa mle, mizani hubadilika. Ama wale waliofungua mlango kwa masharti, masharti yao yalibaki vitabuni na mlango ukabaki wazi. Na Kadhi Abu Yusuf, aliyewatangulia wote hao isipokuwa Malik, alikwisha kumwandikia Harun al-Rashid kumlalamikia watu kupigwa na kufungwa kwa tuhuma tupu, na mahabusi kutembezwa kwa minyororo wakiomba chakula, akamtaka awape posho na nguo kutoka hazina, na afaye gerezani asiye na jamaa aoshwe, akafiniwe na kuzikwa kwa mali ya umma.

Sasa tutazame sheria ya nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, imemwekea aliyeshikwa haki zake: aambiwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kushikwa kwake, aweza kunyamaza, aweza kuwasiliana na wakili, asilazimishwe kukiri, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, wala isipite saa 24, na ikiwa saa hizo zamalizikia wakati mahakama imefungwa, basi siku inayofuata ya mahakama. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hazuiwi rumande kwa ajili yake. Na kifungu cha 25 kimeiweka haki ya kutoteswa katika haki zisizopunguzwa kwa hali yoyote ile. Sheria ya polisi ya 2011 ikaongeza kuwa pa kuwekea mahabusi pawe safi, pawe na mwanga na choo, wanawake wawe mbali na wanaume na watoto mbali na watu wazima. Ama kukiri, tangu sheria ya ushahidi ilipogeuzwa katika 2003 na tena 2007, maneno ya mtuhumiwa hayapokelewi kuwa ikirari ila yakisemwa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta ambaye si yeye achunguzaye kesi, na pawe na mtu wa tatu aliyemchagua mtuhumiwa mwenyewe.

Msomaji atasema maneno haya ni mazuri mno. Ni mazuri. Lakini yapeleke Kitui uone uzito wake. Wilaya ile ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na watu wake katika hesabu ya 2019 walipita milioni moja na laki moja. Mtu aliyeshikwa Mutha au Tseikuru ana mwendo mrefu wa njia ya vumbi kabla ya kumwona hakimu, na gari la kituo huenda halina mafuta. Saa 24 za Mombasa, ambako mahakama haiko mbali na kituo, si saa 24 za huko. Na mzee wa Kikamba asiyejua ila lugha yake, akisomewa makosa kwa Kiingereza na kijana aliyehamishiwa pale juzi, ameambiwa nini? Amesikia sauti tu.

Tena kuna hila ya Ijumaa. Wakenya wote waijua: mtu ashikwe Ijumaa alasiri, na kwa kuwa Jumamosi na Jumapili si siku za mahakama, alale ndani hata Jumatatu, na neno la sheria halikuvunjwa. Siku tukufu kwa Waislamu imegeuzwa kuwa siku ya vitisho, na mwenye ugomvi na jirani yake juu ya mpaka wa shamba hujua saa ya kwenda kituoni na cha kumtia askari mkononi. Huu ndio utumiaji wa sheria ambao mafakihi wetu waliuita hila, na hila ya kumdhulumu mtu haisafishwi kwa kuhesabiwa saa zake barabara.

Turudi kwenye asili: haki ya mahabusi yatoka wapi? Wengine husema yatoka katika kuwa huenda hana kosa. Kauli hii ni ya kweli lakini haitoshi, kwani ingekuwa ndiyo sababu pekee, basi aliyeshikwa na kitu mkononi hangekuwa na haki. Sisi twaona asili yake iko mahali pengine. Mtu aliye huru hujilinda mwenyewe: hukimbia, hupiga ukelele, hufunga mlango, huita nduguze. Akishikwa, yote hayo hunyang'anywa. Basi aliyemnyang'anya ulinzi wake amejitwika yeye ulinzi huo. Mahabusi ni amana katika mkono uliomshika, awe mwema au mwovu, kama vile kitu cha amana hakiulizwi kama ni cha thamani au si cha thamani.

Na hukumu za amana twazisoma tangu utotoni. Aliyewekwa amana, kitu kikiharibika bila ya uzembe wake, husadikiwa kwa kiapo chake. Lakini akivuka mpaka, akakitumia pasi na idhini au akakanusha kuwa anacho, amana huondoka na yeye huwa mdhamini; tangu hapo kitu kikipotea hata kwa bahati mbaya, yeye hulipa. Lipeleke hilo kituoni. Askari aliyemshika mtu kwa haki, akamwandika katika kitabu chake saa aliyomwingiza, akawaarifu jamaa zake, akampa maji na chakula, huyo ni mwenye amana, na neno lake lastahili kusikizwa. Lakini aliyemwingiza mtu bila ya kumwandika, au akamzidisha saa zake, au akamzaba kofi moja, amevuka mpaka. Na baada ya hapo hana tena haki ya kutwambia kuwa mtu alijifia. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani hii kizazi baada ya kizazi, amesema kuwa mwenye kumfungia mtu na kumzuilia chakula na kinywaji na kuviomba, ukapita muda ambao mfano wake hufa, amemwua kwa makusudi. Hakumgusa kwa mkono, na hukumu yake ni ya mwuaji.

Maneno ya kujifia tumeyasikia mara nyingi katika nchi hii. Tarehe 3 Machi 1959, kule Hola katika mto Tana, mahabusi 11 wa wakati wa hali ya hatari walipigwa hata wakafa kwa kulazimishwa kufanya kazi. Tangazo la kwanza la serikali ya Kiingereza lilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Miaka 66 ikapita, serikali ikawa ni yetu, na mwezi wa Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang', akashikwa Homa Bay kwa maneno aliyodaiwa kuyaandika juu ya mkubwa wa polisi, akapelekwa Nairobi, na kabla ya usiku wa pili amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wakaona kichwa kilichoumizwa, shingo iliyobanwa na majeraha ya mwilini, mambo ambayo mtu hajifanyii kwa ukuta. Maji ya Hola na ukuta wa Nairobi ni udhuru mmoja. Watu sita, pamoja na mkubwa wa kituo, wakashitakiwa kwa mauaji mwezi ule ule. Na ni juu yetu kusema kuwa hao nao hawapigwi ili waseme, na haki za kifungu cha 49 ni zao pia. Asiyeweza kulitamka hilo hajawahi kuitaka sheria. Amewataka watu wake tu.

Na hapa ndipo penye kidonda cha watu wa pwani. Mwanzo wa 2007 watu walipakiwa ndege Nairobi usiku wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia bila ya hakimu. Vijana na masheikh wa Mombasa waliuawa na kupotea, na mwaka wa 2012 haukusahauliwa na mtu. Tulilia, na kilio chetu kilikuwa cha haki. Lakini yaulizwa: tulipolia, tulikuwa twalilia haki ya aliyeshikwa, au haki ya mtoto wetu? Kwani mwaka wa 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao walipotekwa na polisi baada ya kutoka mahakamani Mavoko, na maiti zao zikaopolewa mtoni Machakos, ni khutba ngapi za misikiti yetu zilizowataja?

Sahaba Hisham bin Hakim alipita Sham akawaona watu wamesimamishwa juani, wamemwagiwa mafuta vichwani, kwa ajili ya kodi. Katika mapokezi imekuja kuwa walikuwa Anbati, wakulima wa nchi ile, si Waarabu wenziwe. Yeye alikuwa mpita njia. Akatoa ushahidi wa aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani, akaingia kwa amiri akamweleza, nao wakaachiwa. Sisi nasi ni wapita njia wa Makueni. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali: twajua majina haya kwa kuwa basi husimama tukanunua maembe. Na watu wa pwani wana udugu wa zamani na nchi ile, tangu misafara ikipita Kibwezi na Kitui.

Tena Ukambani ilikwisha kututumia mahabusi wake. Katika 1938 serikali ya Kiingereza ilipotaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza watu kwenda Nairobi kwa miguu kushitaki. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, na ilibaki hivyo hata 1992. Muindi Mbingu akashikwa, wala hakuhukumiwa na mahakama. Akahamishiwa Lamu. Lamu, mji wa vyuo na maulidi, ukafanywa gereza la mtu ambaye kosa lake halikuthubutishwa mbele ya hakimu yeyote.

Kuna mwenye kupinga atakayesema: wewe wazungumza juu ya dhahabu, lakini vipi mtu aliyeficha bomu? Mpeketoni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa, na Garissa 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi. Je, mmoja asibanwe ili mia wapone? Suala hili ni zito wala hatulidharau. Lakini mwenye kuliuliza amejipa yakini tatu asizokuwa nazo: kuwa huyu ndiye, kuwa anajua, na kuwa akipigwa atasema kweli. Sayyidna Umar amepokewa akisema kwa maana kwamba mtu haaminiki juu ya nafsi yake mwenyewe ukimtia njaa, ukimfunga au ukimpiga. Apigwaye husema linalomaliza kupigwa, akamtaja jirani yake, na askari wakaenda kwa jirani ilhali mwenye bomu yuko njiani. Na fimbo iliyoruhusiwa kwa ajili ya bomu hatujaiona ikirudi ghalani. Keshoye hutumiwa kwa mwizi wa kuku.

Ama askari mwenyewe, aghlabu ni mtoto wa maskini. Tangu zama za Mwingereza Ukambani imetoa askari wengi, wa jeshi na wa polisi, na huenda yule ashikaye ufunguo na yule aliye ndani wametoka bonde moja. Husema ameamriwa. Sheria ya kuzuia mateso ya 2017 imekwisha kukataa udhuru huo, ikaweka kifungo hata miaka 25 kwa mtesaji, na cha maisha mtu akifa. Dini ilikwisha kuukataa kabla yake.

Sasa jawabu la muulizaji wetu. Una haki ya kushitaki wizi, wala si lazima uwe na yakini, ila sema ulichokiona na usiongeze dhana yako ikawa ushahidi. Usitoe pesa ili abanwe, hata ikiitwa chai au nauli ya gari. Hiyo ni kununua pigo. Andika saa aliyoingizwa. Wapigie simu wazazi wake siku ile ile. Na kama hujui kijiji chake wala nambari yao baada ya kula chakula alichokupikia miaka miwili, hilo nalo lina suala lake. Mpelekee chakula kituoni, kwani bado yu katika dhima ya nyumba yako.

Na pindi dhahabu ikionekana chini ya godoro, ilhali binti amekwisha kupigwa? Asili ya madhehebu yetu ni kuwa dhamana ya jeraha humwangukia aliyepiga kwa mkono wake, na mchongezi hubaki na dhambi yake. Lakini maulamaa wa Kihanafi wa zama za baadaye, walipoona uchongezi umezidi, walifutu kuwa aliyemchongea mtu kwa watawala bila ya haki hulipa kilichompata. Sisi twaielekea fatwa hiyo. Alipe matibabu, alipe mishahara ya siku zilizopotea, naye aende mwenyewe hata kwao, Mutomo au Kathonzweni, akaseme mbele ya wazee wake kuwa binti yao hakuiba.